Wagombaji wa Shwarini

Mwenye kusikiliza na akae. Mwenye kupinga naye asubiri kidogo, maana hadithi hii ni ya kupinga na zamu yake itafika.

Palikuwa na seremala aliyeitwa Machano. Kazi yake ilisifiwa, afya yake ilikuwa njema, nyumba yake ya mawe na chokaa aliijenga mwenyewe, na shida yake katika dunia hii ilikuwa moja tu: mkewe alikuwa na maoni. Mke huyo aliitwa Sikudhani. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yao haikupita wiki bila yeye kumwambia Machano kwamba sivyo. Machano akisema mvua itanyesha, sivyo. Akisema kiti alichokitengeneza kimenyooka, Sikudhani anainamisha kichwa, anakitazama, anasema kimelalia kushoto. Na ukikipima, kweli kimelalia kushoto, jambo lililomuudhi Machano kuliko kama mkewe angekuwa amekosea.

Ugomvi wao wa mwisho ulikuwa wa dirisha. Machano alijenga jiko jipya, akaweka dirisha upande wa barabarani ili wapita njia waione fremu yake ya mninga na nakshi aliyoichonga kwa wiki mbili. Sikudhani alisema upepo unatoka huko huko barabarani, moshi utarudi ndani, dirisha liwe upande wa uani. Walivutana siku tisa. Siku ya kumi Machano alifunga vifaa vyake kwenye mfuko wa turubai, akatangaza kwamba anakwenda kutafuta mahali ambapo mtu anaweza kuishi na watu bila kukosolewa hata pumzi anazovuta. Sikudhani alikuwa barazani anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Utarudi?" aliuliza.

Machano hakumjibu. Alidhani ameshinda, kwa kuwa lilikuwa neno la kwanza ambalo mkewe alilitamka likaisha hivyo hivyo, bila nyongeza. Lakini alilibeba njia nzima kama kokoto kwenye kiatu.

Alisafiri vipi, kwa siku ngapi, na alilala kwa nani, hayo tuyaache. Mwenye hamu ya habari za njia akawaulize wenye magari. Sisi tumfuate alipofika, na alifika nchi iitwayo Shwarini.

Jambo la kwanza alilolitambua pale ni neno "naafiki". Kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Alimuuliza mzee mmoja njia ya sokoni, mzee akaelekeza mashariki. Machano akasema, nadhani soko liko magharibi. Mzee akainama kwa adabu, akasema naafiki. Machano akaenda magharibi, akatembea asubuhi nzima, akakuta makaburi. Hata hivyo hakukasirika. Aliona moyoni kwamba ni afadhali kupotea na heshima yako kuliko kufika umesimangwa.

Alipata chumba na kazi ya kutengeneza vitanda. Mteja wake wa kwanza aliletewa kitanda chenye mguu mmoja mfupi. Machano akamwambia kimekaa sawa. Mteja akakitikisa, kikayumba, akasema naafiki, akashukuru, akakichukua. Kwa wiki nzima hakuna aliyeinamisha kichwa kutazama kazi yake. Machano alilala usingizi mnono, na kama si lile neno "Utarudi?" lililomjia kila alipofumba macho, angesema amefika peponi.

Siku ya nane alikamatwa, kwa upole. Sokoni muuza machungwa alimpa chungwa bovu, naye bila kufikiri akasema hapana, hili silichukui. Watu walisimama. Mwanamke mmoja akamfunika mwanawe masikio. Haukupita muda wakaja watu wawili waliovaa kanzu za kijivu, wakamwomba radhi kwa usumbufu, wakampeleka kwa Mudiri, ndiye mkuu wa idara inayosimamia amani ya majumbani katika nchi ile.

Mudiri Radhi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Machano alikuwa amejiandaa kwa jela, lakini alikaribishwa kahawa na tende, akasimuliwa historia. Zamani, alisema Mudiri, ndugu wawili wa Shwarini walibishana kuhusu mti wa kumfungia punda. Ukoo ukaingia, kijiji kikaingia, na vita vikadumu miaka arobaini. Punda mwenyewe alikufa mwaka wa kwanza. Waliobaki wakaweka sheria: ni marufuku kwa watu wenye nasaba, ndoa, urafiki, ujirani au biashara kupingana kwa midomo yao wenyewe. Lakini sheria ilipopita, vyombo vikaanza kuvunjika majumbani kwa bahati mbaya, vidonda vya tumbo vikaongezeka, na watu walianza kusengenya hata mbuzi. Ikaonekana ugomvi haufi kwa kukatazwa. Basi ukakabidhiwa kwa wataalamu, wao peke yao wakiruhusiwa kupinga.

"Kinyozi hajinyoi," alisema Mudiri Radhi. "Kwa nini basi mtu ajigombee?"

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwenye jambo na mwenzake huutundika upawa nje ya mlango. Wagombaji wawili wa idara hufika asubuhi, mmoja wa mume na mmoja wa mke. Kila mmoja hupokea neno la mtu wake faraghani. Kisha wenye nyumba huketi uani juu ya vigoda viwili vilivyopeana mgongo, hutiwa pamba masikioni, na hupewa sahani ya karanga za kumenya ili mikono isikae bure. Wagombaji husimama juu ya mkeka, wakagombana mpaka birika la kahawa lipoe. Halafu hukubaliana hukumu, huiandika kwenye kikaratasi, huwatoa wenyewe pamba, na kuwasomea: kuanzia kesho chumvi ipungue, au, shemeji asije zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Sababu haiandikwi. Mume na mke husema naafiki, na karanga zilizobaki huliwa na wagombaji.

Idara ilikuwa na upungufu, Mudiri alieleza. Watu wenye kipaji walikuwa wachache, kwa kuwa nchini hakuna pa kujifunzia. Akamuuliza Machano uzoefu wake. Machano akataja ugomvi wa chumvi, wa viti, wa mashemeji, wa jina la mbuzi, wa siku ya mvua ambapo mkewe alimzibia mlango asiende kazini, na wa dirisha. Miaka kumi na moja, alisema, karibu kila wiki, na nyingine mara mbili. Mudiri aliandika yote kwa heshima kubwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Machano kuitaja ndoa yake kifua mbele, na alijishangaa.

Mwenzake wa kazi alikuwa Mize, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyewagombea wake wa mtaa ule tangu ujana wake. Siku ya kwanza alimsikiliza Machano akifoka juu ya mkeka, kisha akamwambia kwamba sauti anayo ila hasikilizi. Mgombaji asiyesikiliza ni ngoma tu. Machano alifungua mdomo akatae, kisha akagundua kwamba mtu amemkosoa, na kwamba kitu fulani kifuani mwake kimelegea. Tangu siku hiyo walipatana, yaani hawakuafikiana juu ya jambo lolote, kuanzia njia ya kwenda kazini hadi namna ya kukaanga dagaa.

Kazi aliiweza. Alijifunza kwamba chumvi si chumvi na shemeji si shemeji, kwamba mwanamume anayelalamikia mlango unaolia analalamikia jambo lingine kabisa. Alizijua nyumba mia za Shwarini kuliko wenye nyumba walivyojuana. Waume walimwambia yeye kile wasichowahi kuwaambia wake zao, na wake wakamwambia Mize, na maneno yale yakakutana juu ya mkeka kati ya watu wawili wasiohusika, hatua tatu tu kutoka kwa wenyewe, waliokuwa wakimenya karanga. Jioni Mize humwambia Machano: leo tumeokoa ndoa nzuri sana, bahati mbaya wenyewe hawakuwepo.

Siku moja Mudiri Radhi alimchukua kwenda kuona baraza la nchi likifanya kazi. Shauri lilikuwa la kisima. Kisima hicho kilikuwa kimechimbwa miaka minne katikati ya mwamba mkavu, kwa kuwa mjumbe mmoja alipanyooshea kidole mahali pale kwa bahati, akiwa anajinyoosha mgongo. Wachimbaji walijua hakuna maji. Wajumbe walijua. Hata yule mwenye kidole alijua, ila alikwisha afikiwa na watu thelathini na angewezaje kuwapinga. Siku ile baraza liliombwa liongeze urefu wa kamba. Machano alimnong'oneza Mudiri kwamba pale hakuna maji. Mudiri alisema naafiki, akanyoosha mkono pamoja na wengine kuipitisha kamba.

Machano alirudi chumbani kwake. Usingizi wake mnono ulianza kukatika.

Sasa tufike kwa Latifu na Raya. Latifu alikuwa mfuga nyuki, na Raya, mkewe, alisuka mikeka. Upawa wao ulitundikwa kila Jumatano, na kila Jumatano neno lao lilikuwa dogo: kikombe, mfagio, chumvi. Walikuwa watu wapole kupita kiasi. Walipitana uani kama wageni wa msiba mmoja wasiojuana. Mize alimweleza Machano kwamba miaka tisa nyuma walikuwa na binti, Salha, wa miaka sita, akafa kwa homa. Na kwamba tangu hapo watu hawa wana neno wanalolizunguka, na siku litakapotoka yeye hataki kuwepo.

Lilitoka Jumatano moja ya kawaida. Latifu alimvuta Machano nyuma ya mizinga, mahali ambapo nyuki walifunika sauti yake. Alisema polepole, macho chini. Salha alishikwa na homa Jumatatu. Jumanne yeye Latifu alisema wasubiri gari la sokoni la Ijumaa, ndipo wampeleke hospitali ya upande wa pili wa kilima. Alisema hivyo kwa kuwa alikuwa anaogopa, na mtu mwoga husema ngoja. Alisema huku akimtazama mkewe, akitamani amwambie hapana. Mkewe akasema naafiki. Mtoto alikufa Alhamisi.

"Mwulize kwa nini hakunikatalia," alisema Latifu. "Mwulize hilo tu. Mengine usigombe."

Machano alirudi uani. Wenye nyumba walikwisha kaa vigodani, migongo ikitazamana, pamba masikioni, sahani za karanga magotini. Mize alikuwa amesimama juu ya mkeka tayari, na uso wake ulikuwa umesawijika. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mke. Mize alianza kwa sauti ya kazi, ile kali inayofika mtaa wa pili, lakini haikupanda.

"Nilitaka kusema hapana," alisema. "Jumanne ile nilitaka kusema hapana, mtoto anakwenda leo, hata kama nambeba mgongoni nipande naye kilima. Neno lilifika hapa, kooni. Nikasema naafiki. Tangu siku hiyo nakuchukia wewe, na najichukia mimi zaidi, na kila Jumatano nakuletea habari za chumvi."

Sheria ilimtaka Machano ajibu. Neno la kujibu alikuwa nalo, na liliingia kwenye neno la Raya kama ufunguo kwenye kufuli lake. Alimtazama Latifu. Mtu yule alikuwa akimenya karanga moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye sahani, hali hata moja, akisubiri aambiwe chumvi iweje. Miaka tisa. Jibu lake lilikuwa hatua tatu nyuma ya mgongo wake, nalo lilikuwa linataka kusemwa na fundi seremala kwa bibi asiye mkewe.

Hapo ndipo ilimjia Machano ile siku ya mvua. Alikuwa anakwenda kupaua msikiti, naye Sikudhani akasimama mlangoni, mikono miwili kwenye fremu, akasema magogo ya jukwaa yamelowa na hapandi mtu leo. Machano alifoka mpaka majirani wakatoka. Alimwita mkaidi, akamwita mzigo. Sikudhani hakusogea. Kabla ya adhuhuri jukwaa lilianguka na mafundi wawili wakavunjika miguu. Na Machano, badala ya kusema ahsante, alimwambia mkewe kwamba ana mdomo wa nuksi. Alipolikumbuka hilo, akiwa amesimama uani kwa watu, alijiona mpumbavu, akaona haya hadi miguuni.

Alimwambia Mize kwamba maneno haya si yao. Mize akasema ni kazi yao. Machano akasema si kazi, ni wizi. Mize akamgeukia Raya. Basi Machano akashuka mkekani, akamwendea Latifu, akamtoa pamba za masikio yote mawili, akazitupa mchangani. Alipogeuka, Mize alikuwa amepiga magoti mbele ya Raya, na mikononi mwake mlikuwa na pamba nyingine.

Latifu akauliza swali lake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, bila kugeuka. Raya alipolisikia aliinuka na karanga zikamwagika. Alimjibu. Alimjibu tena. Mtaa mzima ulisikia, maana watu wasio na mazoezi ya kugombana hawajui kupunguza sauti. Raya alimwita mwoga, Latifu akamwita bubu. Majirani walifunga madirisha. Mize na Machano walitoka nje wakakaa kando ya barabara, na birika la kahawa likapoa likiwa halina mtu.

Kesho yake Machano alisimamishwa mbele ya baraza. Likazuka tatizo la utaratibu. Kumshitaki mtu ni kumpinga, na wajumbe wote sasa walikuwa ama marafiki zake ama majirani zake, kwa kuwa alikuwa amewatengenezea vitanda. Walishauriana tangu asubuhi. Hatimaye Mudiri Radhi alisema mashitaka yasomwe na mgombaji wa idara, na mgombaji aliyebaki alikuwa Mize.

Mize alisimama juu ya mkeka. Alisema mshitakiwa amewatoa raia pamba kabla ya hukumu, amevunja kiapo cha wagombaji, na amesababisha mume na mke kusikiana. Alisema yote kwa ufasaha, bila kuacha kifungu. Kisha akaongeza kwamba pamba za Latifu alizitoa mshitakiwa, ila za Raya alizitoa yeye, na anaomba nalo liandikwe.

Wajumbe walitazamana. Mudiri akapendekeza, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, kwamba baraza liafiki safari ya mgeni wetu. Halikuwa neno la kumfukuza. Shwarini hawamfukuzi mtu. Mmoja baada ya mwingine wakasema naafiki, mpaka sauti ikafika safu ya nyuma.

"Siafiki," alisema mtu huko nyuma. Alikuwa Latifu, macho yamevimba kwa kutolala.

Kabla watu hawajapumua, Raya alisimama pembeni yake. "Mimi nami siafiki," alisema. "Ila si kwa sababu atakayoitoa huyu, maana najua anachotaka kusema na amekosea."

Latifu akamgeukia, akamwambia hajamaliza. Raya akasema hajaanza hata. Walibishana pale pale mbele ya baraza, na katikati ya kubishana Raya akamshika mumewe mkono wa kanzu, asionekane, akaushikilia. Machano aliona. Katika nyumba mia alizozigombea hakuwahi kuona mke amemshika mumewe.

Karani aliulizwa kama kuna daftari la kuandikia neno "siafiki" likitoka mdomoni mwa mwenyewe. Halikuwepo. Basi haikuandikwa, na safari ya Machano ikapita kwa kauli moja. Mize aliachwa kazini. Haikuwa huruma, idara haikuwa na mgombaji mwingine.

Mize ndiye aliyemsindikiza hadi mpakani. Walibishana njia nzima kuhusu njia yenyewe. Walipofika Machano alimwambia aje naye, atafute nchi yenye watu. Mize alikataa. Alisema Jumatano ijayo kuna pawa kumi na saba, na sasa anajua cha kufanya na pamba.

"Nenda kagombane na wako," alimwambia. "Mimi nimegombea ndoa mia tatu, hata moja si yangu. Nawe ulikuwa nayo ukaikimbia."

Kwa mara ya kwanza kushindwa hakukumuuma Machano.

Alifika nyumbani asubuhi, baada ya miezi saba. Sikudhani alikuwa jikoni. Alimpokea mfuko, akamwekea maji ya kunawa, akampa uji. Aliuliza habari za safari kama anavyoulizwa mgeni. Machano aliyatazama macho yake, mekundu kwa moshi, maana moshi ulikuwa umejaa jiko zima, ukiingia upya kila upepo ulipovuma kutoka barabarani. Fremu ya mninga ilikuwa imefutwa vumbi na nakshi zake zinang'aa.

Machano alisema amelifikiria lile dirisha.

"Dirisha liko sawa," alisema Sikudhani.

Machano akasema moshi ni mwingi. Sikudhani akasema amezoea. Machano akasema, ili apingwe, uji una sukari nyingi kidogo, ingawa haukuwa nayo. Sikudhani akasema atapunguza. Machano akamwomba msamaha kwa kuondoka. Sikudhani akasema yamekwisha, akachukua bakuli kuliosha. Alisema kila kitu kwa upole.

Hapo Machano aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa Shwarini. Aliijua sauti ile. Aliisikia katika nyumba mia, ikitoka kwa watu walioketi juu ya vigoda wakipeana mgongo. Alikuwa ametembea miezi saba kuukimbia mdomo wa mkewe, na sasa alitambua kwamba amerudi na mdomo ule umefungwa, na aliyeufunga ni yeye, siku aliyoulizwa swali moja akanyamaza. Hakukuwa na pamba ya kutoa. Kama ingekuwepo, angejua aanzie wapi.

Akafanya alichokijua. Alifungua mfuko, akatoa nyundo na patasi, akaenda kwenye ukuta wa uani. Akapima kwa jicho, akapiga alama, akaanza kuvunja. Chokaa ilimwagika. Jiwe la kwanza likatoka, la pili likatoka. Nyuma yake maji ya kuoshea bakuli yaliacha kusikika. Alivunja jiwe la tatu. Alikuwa anafanya kwa moyo wote, jasho linamtoka, na aliamini kabisa kwamba pale ndipo.

"Hapo?" alisema Sikudhani.

Machano aliendelea kupiga.

"Hapo unaweka dirisha? Jua la saa kumi si litanipiga machoni nikiwa mekoni?" Alikuwa amekuja karibu, mikono bado ina maji. Aliinamisha kichwa, akautazama ukuta, kisha akamtazama mumewe. "Na liko chini mno. Litakuwa dirisha la kuku."

Machano alisema halipo chini. Sikudhani akasema lipo chini, na alama yenyewe imelalia kushoto. Machano akasema haijalalia popote. Sikudhani akasema yeye tangu lini akajua kushoto, na alikuwa wapi miezi saba, na mtu gani huulizwa neno moja la kiungwana na mkewe akageuza mgongo akaenda, na alifikiri yeye Sikudhani aliulizaje lile neno, kwa mchezo? Sauti ilipanda ikapanda, ikapasuka katikati, na machozi yaliyotoka hayakuwa ya moshi. Machano aliweka patasi chini, akakaa kwenye vumbi la chokaa, akasikiliza. Hakujitetea ila pale alipokuwa na haki, na hapo alijitetea sana. Sikudhani alipovuta pumzi, Machano alimwambia jambo ambalo lilikuwa limekaa miaka: kwamba siku ile ya jukwaa asingezibiwa mlango huenda angekufa, na kwamba alijua siku ile ile.

Sikudhani alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Ningekuzibia hata siku uliyoondoka," alisema. "Nilichoka tu."

Dirisha lilikamilika siku ya tatu, mahali aliposema Sikudhani, kwa kimo alichosema Machano. Rangi yake hawajakubaliana mpaka leo, na majirani wanaopita wanasema wanasikia wakibishana humo ndani, na moshi unatokea uani.